Kijiko cha Vefi

Vienna, 14 Oktoba 1977

Mheshimiwa Bwana Zirker,

Uniwie radhi kwa kukuingilia hivi. Anwani yako nimeipata kwa mchapishaji wako baada ya kumsumbua kwa simu mara tatu, na mara ya tatu nadhani alinipa ili tu nimwondokee.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi hapa chuo kikuu. Muhula huu tunasoma fasihi ya Austria ya leo katika mazingira yake ya kijamii na kihistoria, na mwalimu wetu, Dakta Pirchegger, ametuagiza kila mmoja achague mwandishi aliye hai. Wafu, anasema, hawatukosoi. Nimekuchagua wewe na riwaya yako, *Tarehe Mbili Februari*. Tasnifu yangu ya kumalizia masomo itakihusu kitabu hicho peke yake.

Nimekisoma mara nne. Kila nikifika sura ya tisa naweka kitabu chini nitembee kidogo chumbani. Mtumishi wa ng'ombe anatolewa nyumbani akiwa mgonjwa, Sikukuu ya Mishumaa, siku ambayo watumishi wa mashambani hubadili mabwana, na mwenye shamba anamzuilia kijiko chake. Hapo naona kijiko si kijiko tena. Ni jasho la tabaka zima lililozuiliwa mlangoni.

Ningependa kuuliza machache. Watumishi wale walikuwa na mikataba ya maandishi? Watoto waliozaliwa nje ya ndoa walilala wapi? Na ile kamba ya ngozi ya kuchomekea vijiko, iliyopigiliwa chini ya dirisha la mashariki, kila mtu alichagua kitanzi chake au alipangiwa?

Jambo moja tu sikuliamini, unisamehe. Unaandika kwamba mwanamke yule alilia mlangoni. Nadhani hakuwa wa kulia.

Wako kwa heshima,
Irmtraud Lackner


Linz, 23 Oktoba 1977

Bi Lackner,

Ninafanya kazi kiwandani kwa zamu, na barua naandika jikoni, kwa hiyo utaona doa la kahawa. Usilitafutie maana. Ni kahawa.

Mkataba ulikuwa kupeana mkono. Mwaka mmoja, kuanzia tarehe mbili Februari hadi tarehe mbili Februari. Karatasi zilikuwa za ng'ombe.

Watoto wa nje ya ndoa tulilala juu ya zizi, kwa sababu joto la ng'ombe hupanda na halina gharama. Mezani kulikuwa na kikaango kimoja katikati, na kila mtu na kijiko chake. Ukimaliza unakilamba, unakichomeka kwenye kitanzi chako. Mwenye shamba ndiye aliyepanga vitanzi, yeye wa kwanza, mchunga ng'ombe wa mwisho. Mimi sikuwa na kitanzi. Mama alikula vijiko vitatu, akanipa viwili. Nilipoanza kurefuka akala viwili, akanipa vitatu.

Kijiko kilikuwa mali ya mtumishi. Alikuja nacho, akaondoka nacho. Bondeni kwetu mtumishi akibisha kwa bwana mpya bila kijiko, watu walijua kafukuzwa kwa wizi, basi, hakuna mlango unaofunguka. Mama yangu alibisha milango miwili. Walimkuta kesho yake kwenye banda la nyasi kavu, kati ya shamba la pili na la tatu. Hayo ndiyo mazingira ya kijamii. Andika kwa herufi nzuri.

Kuhusu machozi, sikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa msituni nikiburuta kuni juu ya theluji kwa sleji. Niliporudi kitanzi chake kilikuwa kitupu na hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kikaango. Sura ya tisa niliitunga mwenyewe kutokana na kitanzi kile.

Sasa nikuulize mimi. Umejuaje kwamba hakuwa wa kulia? Na kitabuni, nimekipekua tena usiniambie nimesahau, hakuna mahali niliposema dirisha lilikuwa la mashariki.

L. Zirker


Vienna, 2 Novemba 1977

Mheshimiwa Bwana Zirker,

Asante sana kwa majibu yako, ambayo Dakta Pirchegger ameyaita hazina. Kuhusu dirisha, nyumba nyingi za zamani za milimani zina meza upande wa mashariki. Niliona hivyo kwenye makumbusho. Kuhusu machozi ilikuwa hisia ya msomaji tu.

Naomba ruhusa ya kunukuu barua yako.

Irmtraud Lackner


Moosbrand, 20 Novemba 1977

Traudi mwanangu,

U mzima? Unakula? Nimekuwekea nyama ya kukaushwa kwenye kifurushi, usiwagawie wale wenzako wa chumbani, wana baba zao.

Huku kumeharibika. Yule mtoto wa Vefi, Hartl wa zizini, si unamkumbuka, au hukumbuki, amekuwa mwandishi, jaladani anaitwa L. Zirker. Ameandika kitabu na sisi sote tumo, hata mbwa. Majina kabadilisha, lakini nani asiyeijua Moosbrand? Nakala moja imezunguka bonde zima kuliko kikapu cha sadaka. Mke wa mwokaji anaapa hajakisoma, halafu anakutajia na ukurasa.

Baba yako kuitwa mkali hakumsumbui. Kinachomla ni kijiko. Tangu alivyosikia hiyo sehemu hali chakula vizuri. Anapiga meza: "Nilimtoa, ndiyo! Mwaka wake uliisha, mkono nikampa! Lakini kijiko cha mtumishi? Mimi? Hakukigusa baba yangu, hakukigusa babu yangu!" Na Jumapili iliyopita kilabuni mtu, hatujui nani, alimwekea kijiko mezani kando ya bia yake, kimefungwa kwenye leso na utepe. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Traudi, baba yako alirudi kwa miguu akaliacha gari huko huko.

Ameshakwenda kwa wakili mjini. Anashtaki. Anataka kitabu kiondolewe madukani. Wakili kauliza kama yupo aliyekuwepo siku ile. Nimemwambia watumishi wote wamekufa, na mtoto wetu alikuwa na miaka mitano, amelala na homa.

Ulikuwa umelala na homa, Traudi.

Mama


Vienna, 29 Novemba 1977

Mama mpendwa,

Nyama imefika, ahsante. Nakula.

Mama, mimi sikuwa na homa. Mwenye homa alikuwa Vefi. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa akikohoa hivi kwamba nilikuwa namsikia kutoka juu kitandani, na asubuhi alinifunga nywele kwa mikono ya moto. Nakumbuka ile mikono. Wewe ulikuwa dukani siku ile, au ulikuwa jikoni? Hilo ndilo nisilolikumbuka.

Mwambie wakili asinitaje. Nisiwemo kabisa, si upande wa Baba wala upande mwingine.

Mwanao,
Traudi


Moosbrand, 10 Desemba 1977

Traudi,

Nilikuwa jikoni. Umeridhika sasa?

Nilikuwa jikoni na mlango nimeuegemea kwa mgongo. Nilimwambia baba yako usiku wa kuamkia siku ile, mwache akae mpaka theluji ipungue. Akasema mtumishi mgonjwa akikaa siku moja baada ya mwaka wake, ni wako mpaka kaburini. Ndivyo walivyosema wote bondeni, si yeye peke yake, usimwone shetani. Nami nilikuwa nimeolewa hapa, sikuzaliwa hapa. Ungefanyaje wewe?

Sasa basi. Funika kombe mwanaharamu apite. Kila vuli ndama mmoja anashuka sokoni ili wewe uwe na chumba huko Vienna na usome vitabu vyako. Huyo ndama hakumuuza Hartl.

Njoo Krismasi. Usilete hayo maneno mezani.

Mama


Linz, 16 Januari 1978

Traudi,

Nimepata karatasi ya mahakama. Mdai ni Josef Lackner, shamba la Moosbrand. Nusu ya bonde ni akina Lackner, na unajua kule mtu anaitwa kwa jina la nyumba, la ukoo linatoka kabatini siku ya harusi na ya mazishi. Kwa hiyo jina lako halikunishtua. Dirisha ndilo lililonishtua, na nilikaa kimya nione utajileta lini.

Ni wewe uliyekuwa na kovu la jiko kwenye kiganja. Mama alikubeba mgongoni kuliko alivyonibeba mimi, nami niliona wivu, nakiri. Ulikula kutoka kwenye kijiko chake pia. Ulikuwa na cha kwako cha fedha ulichopewa siku ya ubatizo, ukakikataa, ukataka cha Vefi.

Wakili wangu anasema hivi: ukali ni maoni, baridi ni maoni, lakini kijiko ni tuhuma ya wizi, na tuhuma inataka shahidi. Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo, vinginevyo usingeandika kwamba hakuwa wa kulia. Kesi ni tarehe tisa Machi, saa tatu asubuhi.

Sikuombi umchukie baba yako. Simwombi mtoto hilo. Naomba uje useme ulichokiona, chote, hata kama kinanisuta mimi. Kama sura ya tisa ni ya uongo nitaifuta kwa mkono wangu. Miaka ishirini na moja nimetaka kujua asubuhi ile mama yangu alifanya nini, na mtu pekee anayejua ananiandikia kuhusu tabaka.

Hartl


Vienna, 20 Februari 1978

Mheshimiwa Bwana Zirker,

Nimefikiri sana. Dakta Pirchegger, ambaye nimemweleza jambo hili bila kutaja majina, ananikumbusha kwamba mtafiti hapaswi kukiingilia anachokitafiti. Nikisimama mahakamani tasnifu yangu itakuwa imeharibika, na pengine tasnifu hiyo itakitetea kitabu chako kwa muda mrefu kuliko ushahidi wa mtu aliyekuwa na miaka mitano. Kumbukumbu ya mtoto mdogo haiaminiki. Kuna maandiko mengi juu ya hilo.

Nakutakia kila la heri tarehe tisa.

Irmtraud Lackner


Moosbrand, 12 Machi 1978

Traudi mwanangu,

Tumeshinda. Kitabu kinaondolewa madukani na kilichobaki ghalani kinasagwa.

Nilikwenda naye, nikakaa benchi la nyuma na kofia yangu ya kanisani. Hartl amekuwa mtu mzima, ana mvi, na miaka yake ni mingapi, thelathini na miwili? Alivaa koti ambalo mikono yake haifiki. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Alikuwa anamsubiri mtu, nami nikamwomba Mungu mtu huyo asije, kwa sababu nilijua ni nani.

Mara moja tu aliruhusiwa kumwuliza baba yako. Akasema, "Mama yangu alikuwa anakohoa?" Baba yako akasema, "Februari kila mtu anakohoa." Watu wakacheka kidogo. Halafu hakimu akauliza kuhusu kijiko, na baba yako akasimama, akainua mkono, akaapa kwa kaburi la babu yako. Traudi, nimeishi na mwanamume yule miaka ishirini na saba na naujua uongo wake. Ule haukuwa uongo. Hakukichukua.

Sasa mimi nalala macho. Kama hakukichukua yeye, na Vefi aliondoka bila kijiko, kilikwenda wapi? Nilidhani ushindi utaleta usingizi.

Jumapili kilabuni wamemwekea tena.

Mama


Vienna, 19 Julai 1978

Hartl,

Tasnifu nimemaliza. Nimepewa daraja la juu kabisa. Nakuletea nakala ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kitu kingine. Naomba usikifungue kabla hujasoma, ingawa najua utakuwa umeshakifungua.

Nilisikia watumishi wakisema mezani kwamba mtu haondoki bila kijiko chake. Nililichukua neno hilo jinsi lilivyo. Nikawaza, kama hana kijiko, hataondoka. Asubuhi ile Vefi alipokuwa anafunga mzigo wake nilipanda juu ya benchi, nikakichomoa kwenye kitanzi, nikakiingiza ndani ya soksi yangu. Kilikuwa baridi mguuni. Nilifurahi sana. Nilidhani nimemwokoa.

Akaja kukichukua. Akapapasa kamba yote, kitanzi kwa kitanzi, kutoka mwisho mpaka kwa baba, kisha akarudi. Akamtazama baba. Baba akasema, "Usinitazame mimi." Akainama chini ya benchi, akakohoa, akashika meza. Halafu akanitazama. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya ile baridi. Nadhani alijua, Hartl. Angeniambia tu nitoe, ningetoa. Hakusema. Pengine aliogopa baba atanipiga. Akaniweka sawa kola, akajifunga kitambaa, akatoka. Hakulia. Baba akafunga mlango kwa sababu joto lilikuwa linatoka.

Nilisubiri arudi kukitafuta. Nilisubiri mpaka majira ya kuchipua. Aliporudishwa kwa sleji kuzikwa hawakunipeleka, wakaniambia amehamia bonde jingine.

Nimekaa nacho tangu siku hiyo. Kwanza chini ya ubao wa sakafu, kisha bweni la shule, kisha droo hapa Vienna, chini ya karatasi ambazo niliandika habari zake. Ukurasa wa sitini na moja nimeandika kwamba kijiko kilichozuiliwa ni alama ya kazi isiyolipwa. Dakta Pirchegger aliusifu ukurasa huo mbele ya wote. Nilisimama nikashukuru.

Tarehe nane Machi nilinunua tiketi ya treni. Nilifika stesheni. Nikawaza, nikikitoa kile kijiko, wewe utakuwa mwongo na mimi nitakuwa nimemuua, na baba yangu ndiye atatoka msafi. Nikarudi chumbani nikamalizia sura ya hitimisho. Niliona aibu na bado niliandika vizuri. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani.

Nisamehe, kama inawezekana.

Traudi


Linz, 3 Agosti 1978

Traudi,

Kimefika. Ni chenyewe. Ile G shingoni mwa kijiko, herufi ya jina la mama la ubatizo, niliikwaruza mimi kwa msumari nilipokuwa darasa la kwanza, na inatazama kinyume. Mama alisema haidhuru, bora inajulikana.

Miaka ishirini na moja nimemchukia baba yako kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa jambo hilo akanishtaki, na kwa jambo hilo akashinda. Kwa lile alilolifanya hakuna mahakama iliyomwuliza, na mimi mwenyewe ndiye niliyewapa kijiko wakitazame hicho badala ya kumtazama mama. Hilo ni kosa langu na sitakusukumia wewe.

Mama yako naye mwambie kijiko kilikokwenda. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo, na baba yako awepo. Kilabuni waache kumcheka kwa kosa lisilo lake. Wana la kwake la kumcheka, kama wataweza, maana wote walifunga milango.

Mtoto yule wa miaka mitano simlaumu. Nyumba nzima ile alikuwa peke yake aliyetaka mama yangu abaki. Jana nimemlilia hapa jikoni, yeye na mguu wake baridi, na nimelia kama sijawahi kulia tangu siku ya kitanzi kitupu. Lakini yule mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyekuwa na kijiko hiki kwenye droo tarehe tisa Machi, wakati mimi nageuka kila mlango unapofunguliwa, huyo simjui, na sina neno la kumwandikia. Usijibu barua hii.

Tasnifu nimeisoma. Ni nzuri. Barua yangu ya kwanza umeinukuu mara kumi na moja, na doa la kahawa hukulitaja.

Wameniachia nakala moja ya kitabu. Nimeifungua sura ya tisa na kufuta machozi ya mlangoni, kama nilivyoahidi.

L. Zirker